Mkanda wa Jeshi Chini ya Shati Langu

Jumatatu, 26 Septemba 1966

Barua ya Loise imefika. Imefunguliwa na kubandikwa tena, kama barua zote zinazopita kizuizi cha askari pale darajani. Inspekta wa kizuizi huzijua habari za mke wangu kabla yangu. Daktari wa misheni amemwambia atajifungua mwishoni mwa Oktoba. Wawili wa kwanza walizaliwa kimya, nami sikuwepo hata mara moja. Safari hii nitakuwepo. Nimeapa! Anasema pia ile mizinga miwili aliyoniachia marehemu baba imejaa nyuki, nani atarina asali?

Miezi kumi na minane niko Garissa. Karani wa ghala la vifaa vya barabara. Likizo zimesimamishwa kwa sababu ya shifta, wale waasi wa mpakani. Uhamisho nimeomba mara nne. Bwana Elkanah, mkuu wetu, hunijibu kwa neno moja: vumilia. Nimevumilia hadi nimeota upara.

Leo ametangaza jambo. Msafara wa malori wa Jumamosi tarehe 15 Oktoba una nafasi moja kwa mtumishi mgonjwa, aende akatibiwe kwao. Moja! Gitau, karani mwenzangu ambaye meza yake inatazamana na yangu, alianza kukohoa kabla Bwana Elkanah hajamaliza kusema.

Mimi si mtu wa kuigiza. Nitaugua kweli. Homa ya mafua imeingia mjini, nusu ya soko inapiga chafya. Kazi ni kuipata tu.

Jumatano, 28 Septemba

Nimekaa saa mbili nzima kwenye benchi la zahanati, katikati ya watu wanaokohoa. Nikavuta pumzi kwa bidii. Hakuna kitu! Rahmo, anayeuza maziwa ya ngamia pale langoni, alikuwa akichuruzika mafua. Nikamwomba ninywe kwa kikombe chake mwenyewe. Akasema kikombe cha wateja ni kile pale, amekiosha, ni safi. Nikasema sitaki safi. Akamwita mumewe.

Mumewe ni Dubow, dresa, mfunga vidonda wa zahanati hiyo. Mrefu, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia bado. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na naapa aliandika "bado".

Gitau anakohoa saa za kazi pekee. Wakati wa chakula kikohozi nacho huenda kula.

Jumapili, 2 Oktoba

Nimeipata. Ee Mungu wangu, nimeipata! Nani alinituma niitake? Mifupa inauma mpaka ya vidole vya miguu. Nikifumba macho chumba kinazunguka, nikifumbua kinazunguka upande mwingine. Alasiri nikasikia ngurumo ng'ambo ya mto. Gitau akasema ni mizinga. Nikamjibu mizinga ni ya marehemu baba, asiiguse, nyuki ni wakali. Akaniwekea kitambaa cha maji kichwani.

Alikuwa ameniletea uji, akaketi mbali, mlangoni. Akauliza kwa upole kama nikifa anaweza kuchukua kiti changu cha ofisini. Chake kimevunjika mguu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimerudi kazini nikishika kuta. Nimebaki shati na mifupa. Moja kwa moja kwa Bwana Elkanah, nikakohoa mbele yake mpaka machozi yakanitoka. Akanionyesha daftari la mahudhurio. Watumishi kumi na wanne, kumi na mmoja wameugua, yeye mwenyewe akiwemo. Akasema kama homa ingekuwa tiketi, ingebidi serikali ituletee treni.

Nimeugua bure. Bure kabisa!

Halafu saa nne habari ikaja. Lori letu la kokoto limekanyaga bomu la ardhini njia ya Liboi, kule mpakani. Dereva hakusalimika. Wiki iliyopita tu alikuja dirishani kwangu kuchukua majembe, akanitania kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Bwana Elkanah akaniambia nilifute jina lake kwenye orodha. Sikuweza. Gitau akalifuta. Tangu saa hiyo nikilala nasikia lori. Naogopa. Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu: naogopa sana.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mambo mapya. Tangu juzi ubavu wa kushoto unachoma kama sindano za moto. Shati likigusa, nataka kupiga mayowe. Leo asubuhi nimeona vipele vimejaa maji, vimejipanga mstari kutoka kitovuni kuelekea nyuma. Nikajua nimekwisha.

Dubow akainama, akatazama, hata hakushangaa. Akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Hii ni mkanda wa jeshi, karani. Bole sana." Nikaruka. Jeshi limenitenda nini tena? Akacheka kidogo. Akauliza kama utotoni nilipata tetekuwanga. Nikasema ndiyo, nilikuwa darasa la pili, mama alinifungia ndani wiki mbili na watoto wenzangu wakinichungulia dirishani. Akasema basi ile haikutoka. "Fidonda ilibona, lakini ugonjwa yenyewe ililala ndani ya mishiba. Miaka ishirini imelala tu. Sasa homa imekuchosha, na woga inakula wewe kila siku. Imeamuka."

Miaka ishirini nimeishi na mgeni mwilini bila kujua! Dubow anasema tangu homa ipite mjini ameona wengine wawili hivyo hivyo. Nitapona kwa wiki tatu. Nipake dawa nyeupe, nilale vizuri, nisiwe na wasiwasi. Nisiwe na wasiwasi! Garissa!

Nikamwuliza kama ni kweli wasemavyo kwetu, kwamba mkanda ukizunguka mwili, ncha zikakutana, mtu hufa. Akasema huo ni uongo, unakaa upande mmoja. Nikashukuru, nikaondoka. Nilipofika sokoni nikasimama ghafla kati ya punda wawili wa maji. Ugonjwa wenye jina! Tena jina la kutisha! Gitau hana kitu kama hiki. Nikaenda zangu nikipiga mluzi, nimejishika ubavu.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimemwandikia Loise. Nimeandika kwa mafumbo kidogo, kwa sababu Gitau ndiye apelekaye barua posta na ana jicho refu. Nanakili hapa, maana ni barua nzuri:

"Mpenzi Loise. Nimepata mkanda wa jeshi! Ninao chini ya shati, hakuna anayejua ila Dubow wa zahanati, ndiye aliyenithibitishia ni wa jeshi. Sasa umenizunguka nusu. Siku utakaponizunguka wote, hapo patakuwa na kilio. Jumamosi nitapita nao kizuizini nije nao nyumbani. Usimwambie mtu. Mimi wako."

Jina sikuweka. Mume hana haja ya kujitambulisha kwa mkewe.

Jumatano, 12 Oktoba

Bwana Elkanah atakagua wagonjwa Ijumaa saa nne. Gitau amejiandikisha. Kikohozi amekiacha, sasa ana mgongo. Nikamwonyesha mkanda wangu ili akate tamaa mapema. Akautazama akasema huu si mkanda, labda gidamu ya kiatu. Kweli ni mfupi, haupiti kiganja na nusu. Niliumia roho kuliko ubavu.

Basi nimeurefusha. Wino mwekundu wa ofisini na njiti ya kiberiti, nukta moja moja, mpaka mbavu za kulia. Kazi safi! Mgongoni mkono haukufika. Nikafikiri. Juu ya meza upo muhuri wa mpira wa tarehe, wenye mpini mrefu. Nikaugonga kwenye pedi ya wino, nikajigonga mgongoni mara tano. Sikuona kwa macho, lakini nilihisi umekaa vizuri sana. Bwana Elkanah naye kwao ni kule kule kwetu, anaijua ile habari ya ncha kukutana. Atanipandisha lori kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi, 13 Oktoba

Dubow amekamatwa.

Asubuhi, askari sita, mbele ya foleni ya wagonjwa. Wamepekua zahanati mpaka ndani ya magunia ya pamba. Wanatafuta mkanda wa risasi wa jeshi, na mtu anayeuvaa chini ya shati ili apite nao kizuizini Jumamosi. Inspekta ana barua. Niliposikia neno barua nikaketi chini kwenye vumbi na suruali yangu ya kazi.

Huko kwao Inspekta ugonjwa huu una jina lingine. Kwake yeye mkanda ni mkanda. Dubow amemweleza kwamba ni maradhi. Inspekta akacheka, akasema basi amtaje huyo mgonjwa. Dubow akakataa. Amesema yeye ni mtu wa dawa, hataji wagonjwa wake kwa askari.

Haya ya Inspekta na Dubow nimeyasikia kwa Rahmo mwenyewe. Alikuja dirishani kwangu saa nane, mtoto mgongoni, macho mekundu. Hajui! Alikuja kwa sababu mimi ni mtu wa kalamu. "Niandikie barua, walaal, ndugu yangu. Mwambie serikali Dubow hana makosa. Yeye anasema mgonjwa atakuja mwenyewe. Anasema ni mtu ya ofisi, ana akili."

Nikaandika. Nikaandika vizuri sana, aya tatu, "mgonjwa asiyejulikana" mara nne. Akaniletea maziwa katika kile kikombe safi. Nikayanywa. Sijui niliyamezaje.

Ni kufungua vifungo vitano tu vya shati. Dakika tatu. Lakini nikienda leo watanizuia, kesho saa nne itapita, lori litaondoka, na Loise atakuwa peke yake tena. Na ule wino je? Nimepanga hivi: nipande lori kwanza, nikifika Mwingi niandike barua ndefu ya kumtetea Dubow. Siku mbili tatu tu. Watu hukaa ndani siku mbili tatu.

Nimetoka kwenda kituoni mara mbili hata hivyo. Mara ya kwanza nikarudi nilipofika posta. Mara ya pili nikafika langoni kabisa, askari akaniuliza nataka nini. Nikamwuliza ni saa ngapi. Akaniambia. Nikashukuru. Najichukia.

Ijumaa, 14 Oktoba

Saa nne kasorobo. Mlangoni pa Bwana Elkanah tumesimama wawili, mimi na Gitau na mgongo wake. Inspekta akaingia, barua mkononi. Akauliza kati yetu nani ana mke aitwaye Loise. Nikatazama dari. Kuna mjusi pale, sikuwahi kumwona. Gitau akasema kwa sauti ya mtu mwenye afya tele kwamba ni Musyoka, akaninyooshea kidole.

Shati nilivuliwa na watu wawili. Inspekta akatafuta mkanda, asiuone. Nikapiga kelele kwamba ndio huo, umo mwilini, ni maradhi! Akanizunguka. Akafika mgongoni, akainama. Halafu akasoma kwa sauti, polepole: kumi na mbili Oktoba, elfu moja mia tisa sitini na sita. Akasoma na wa pili. Akasoma yote mitano.

Muhuri wa tarehe! Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata tarishi ambaye bado ana homa. Bwana Elkanah akauliza kama ugonjwa wenyewe umeshaandikishwa kwenye rejista.

Kitambaa cha maji kikaletwa. Mgongo ukatoka. Mbavu za kulia zikatoka. Inspekta akakunja uso, akasema sasa ameelewa, ugonjwa wote ni wino, na yule dresa ni mwongo kama mimi. Hapo ndipo nilipogutuka. Nikasema vile vya kushoto ni vya kweli, haki ya Mungu, visugueni muone! Wakavisugua. Sikumbuki zaidi.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye benchi la zahanati, Inspekta kando, na daktari wa kikosi cha jeshi alikuwa ameniinamia. Alikuja kuomba dawa za homa, askari wake nao wanaugua. Akasema vipele vya kushoto ni vya kweli kabisa. Akaeleza yale yale ya Dubow, tetekuwanga ya utotoni, mishipa, homa, hofu, ila kwa Kiswahili kilichonyooka, na safari hii Inspekta akaamini. Akasema Dubow ataachiliwa kesho.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe asubuhi hiyo hiyo malori ya askari yalikuwa yamepita mtaa wa akina Dubow. Jamaa za washukiwa huhamishiwa kijiji cha ulinzi, kile kilichozungushiwa seng'enge, na aliyekwisha kuingia hatolewi. Rahmo amepakiwa na watoto watatu. Aliwaonyesha ile barua niliyomwandikia, wakasema mwandiko ni mzuri. Ngamia wao wawili wamebaki wanazubaa mbele ya zahanati. Ningefungua shati jana, wangekuwa na mwenyewe.

Jumamosi, 15 Oktoba

Lori limeondoka saa mbili. Gitau yuko juu yake, mgongo umenyooka. Alinipungia mkono. Ameondoka na mto wangu.

Adhuhuri Dubow akaja chumbani kwangu. Nilitaka kujificha nyuma ya mlango, lakini mlango wangu hauna nyuma. Nikamwomba msamaha. Nilisema mengi, mengine sikuyaelewa mwenyewe. Nilitaka anitukane, hata kwa Kisomali. Akaniambia nivue shati. Akatazama mahali waliposugua, akatikisa kichwa, akanipaka ile dawa nyeupe bila haraka, mkono mwepesi kama siku ile ya kwanza.

"Umechelewa, karani," akasema. Basi, hivyo tu.

Nikamwuliza sasa atafanya nini. Akasema kazi yake amepewa mtu mwingine tangu Alhamisi. Anakwenda kwa miguu mpaka kwenye seng'enge, aingie akae na watu wake. Ngamia atakwenda nao wakimruhusu. Akaniachia chupa ya dawa, akasema nisikune. Alipotoka nililia. Ubavu uliniuma, lakini sikulia kwa ubavu.

Jioni tarishi akaleta karatasi ya Bwana Elkanah. Uhamisho wangu niliouomba mara nne hatimaye umekubaliwa. Liboi.

Jumanne, 18 Oktoba

Kesho ninakwenda Liboi, kwa njia ile ile ya bomu. Vipele vimeanza kukauka lakini ndani bado panawaka. Daktari wa kikosi alisema maumivu huweza kukaa miezi. Mtoto wangu atazaliwa, au hatazaliwa, nami sitakuwepo. Sijawahi kujiona mdogo hivi.

Lakini nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Niliandika neno jeshi, na sikuweka jina. Ni hayo mawili tu! Mwingine angekaa chini alie. Mimi nina mpango, tena safari hii ni wa wema mtupu. Sukari imeadimika huku, kila mtu atataka asali. Urithi wangu wote nitaugawa nusu kwa nusu na Dubow, apate pa kuanzia. Na kopo la kwanza nitampa Inspekta, tusameheane. Nimeandika:

"Mpenzi Loise. Usiwe na wasiwasi, nimepona. Nitumie ile mizinga miwili ya baba kwa msafara ujao. Ifunge vizuri ndani ya magunia, watu wa kizuizini wasiione, watataka wao. Nitaitega Liboi karibu na mpaka. Mmoja ni wa Dubow, yule dresa. Sasa yumo ndani ya seng'enge, nitamfikishia huko huko, anastahili. Inspekta atakuwa wa kwanza kuonja. Ni mimi mumeo, Joeli Musyoka, karani, Garissa."

Nimeisoma mara tatu. Hakuna jeshi, hakuna mkanda, na majina yote yako wazi, la Dubow nimelipigia mstari. Nimeipeleka kizuizini kwa mkono wangu mwenyewe, isije ikachelewa.